Gari likichemsha, dumu la maji si tiba

NYANYA zilizochumwa Ngarenanyuki jioni zinatakiwa kufika Soko la Kilombero jijini Arusha alfajiri, wakati wanunuzi wa jumla bado wapo. Lakini pikapu iliyozibeba ni ya zamani, na kabla ya kufika Usa River sindano ya geji inapanda hadi kwenye alama nyekundu. Dereva anasimama, utingo anashuka na dumu la maji, na safari inaanza tena baada ya saa nzima. Kesho yake mambo ni yale yale.

Hali hiyo si ngeni kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru, wanaotegemea Hilux, Land Rover, Hiace na Canter zilizotumika miaka mingi. Wengi wamezoea kuongeza maji na kuendelea na safari, bila kujua kuwa kila dumu ni sawa na kukopa. Siku ya kulipa ikifika, deni huwa silinda hedi iliyopinda au injini nzima.

Tuchukulie pikapu imebeba matenga 30 ya nyanya. Ikiwa kuchelewa sokoni kunashusha bei kwa Sh2,000 tu kwa kila tenga, mwenye mzigo amepoteza Sh60,000 kwa safari moja. Akichelewa mara nne kwa mwezi ni Sh240,000, na hapo fundi bado hajalipwa hata senti moja. Kila mkulima anaweza kuweka bei zake mwenyewe katika hesabu hiyo, kisha ailinganishe na gharama ya kutafuta chanzo cha tatizo.

Mwinuko wa Arusha na mfuniko wa rejeta

Jiji la Arusha liko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji yaliyo kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi joto 95 hivi, wakati Tanga au Dar es Salaam huchemka yakifika 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wake. Springi na mpira wa mfuniko hushikilia presha, na mfuniko mzima wa gari la kawaida huongeza kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20.

Mpira ukikakamaa au springi ikilegea, faida hiyo hupotea. Gari lililokuwa halina tatizo pwani linaweza kuanza kuchemsha likipandisha kuelekea Oldonyo Sambu, ingawa injini yake ni nzima. Hivyo mfuniko, ambao ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa, ndio unaopaswa kukaguliwa kwanza.

Linachemsha wakati gani?

Kabla ya kufungua chochote, mwenye gari ajiulize tatizo hutokea wakati gani. Gari likichemsha kwenye foleni lakini likapoa linapokimbia, mashaka yaelekezwe kwenye feni. Mkanda unaweza kuwa umelegea, klachi ya feni imechoka, au kava linaloelekeza upepo lilitolewa na fundi na halikurudishwa.

Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkubwa likiwa na mzigo, maji hayapiti vya kutosha. Huenda rejeta imeziba ndani, pampu ya maji imechoka, au mpira wa chini wa rejeta unajibana wakati pampu inavuta. Aidha, matope na majani yaliyojaa mbele ya rejeta huzuia upepo, na breki zinazokamata au mzigo uliozidi uwezo wa gari huongeza joto.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, maji yamepungua, themostati imekwama ikiwa imefunga, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Dalili za gasketi ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, mipira ya rejeta kuwa migumu mara tu injini inapowashwa, na oili kugeuka rangi kama chai ya maziwa. Dalili hizo zikionekana, gari lisiendeshwe tena hadi litengenezwe.

Geji nayo isiaminiwe moja kwa moja. Maji yakiisha kabisa, kihisi cha joto hubaki hewani na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Sindano inayoshuka ghafla bila sababu si habari njema.

Themostati isitupwe

Mafundi wengi hutoa themostati na kuitupa kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto. Matokeo yake injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kuchakaa haraka. Katika baadhi ya injini, zikiwamo kadhaa za Toyota, themostati pia huziba njia ya pembeni ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi.

Kuipima ni rahisi. Itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako, kisha maji yachemshwe. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 88, hivyo hata katika mwinuko wa Arusha inapaswa kufunguka kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka ibadilishwe kwa yenye namba ile ile.

Maji gani yatiwe?

Maji mengi ya miamba ya volkano ya Meru yanajulikana kwa floridi, ambayo imeacha rangi ya kahawia kwenye meno ya wakazi wengi, na baadhi yana magadi. Kwenye rejeta inayovuja, mvuke hutoka lakini madini hubaki. Kila dumu linaloongezwa huleta mengine, na maji yenye magadi hula vyuma vya aluminiamu kama silinda hedi za injini nyingi.

Njia bora ni kusafisha mfumo mzima, kisha kutia mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yasiyo na madini. Maji ya betri yanafaa, ila yasichanganywe na asidi ya betri. Yasipopatikana, maji safi ya mvua ni nafuu kuliko ya mtoni. Kulanti si kwa ajili ya nchi za barafu pekee. Huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Rejeta za zamani za shaba zinaweza kufunguliwa na fundi na kuzibuliwa. Zile za aluminiamu zenye matangi ya plastiki kwa kawaida hubadilishwa.

Likichemsha njiani

Dereva asimame mara moja na kuzima injini. Mfuniko usifunguliwe kwa angalau nusu saa, kwa kuwa maji yenye presha huruka na kuunguza vibaya. Maji baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto, kwani hedi inaweza kupasuka. Injini ikipoa, mfuniko ufunguliwe polepole kwa kitambaa, na maji yaongezwe kidogo kidogo.

Safari ikiisha, kiasi cha maji kilichoongezwa kiandikwe kwenye daftari. Mfumo huu umefungwa, na gari zima halipaswi kudai maji kila wiki. Likidai, ukaguzi ufuate mpangilio wa gharama: mfuniko, mkanda, mipira, themostati, rejeta, pampu, na mwisho gasketi. Anayeanzia huku juu hutumia fedha kidogo, na nyanya zake hufika sokoni wanunuzi wakiwa bado hawajaondoka.