Fadhaa ya Mtoto Anapozinduka Baada ya Upasuaji wa Jicho

Mzazi wa Bombambili, Songea, ambaye mwanawe ana mtoto wa jicho, huweza kupewa rufaa hadi Muhimbili au CCBRT jijini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Upasuaji ukiisha salama, hushtuka kumwona mwanawe akizinduka kwa mayowe na mateke, asimtambue hata mama yake. Je, nusukaputi imemdhuru? La. Hiyo ni fadhaa ya kuzinduka. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza, na kwa kawaida hutulia yenyewe.

Huchochewa na dawa za kuvuta zinazotoka mwilini upesi, kama sevofluraini, pamoja na maumivu na hofu ya kabla ya upasuaji. Katika upasuaji wa jicho huongezeka jambo lingine: mtoto huzinduka akakuta giza la bandeji. Akilifikicha jicho, mshono waweza kufumuka. Aweza pia kung'oa mpira wa dripu au kuanguka.

Mhudumu asikimbilie kusema ni fadhaa tu. Kwanza ahakikishe njia ya hewa, oksijeni na sukari ya damu. Kisha aangalie maumivu na kibofu kilichojaa. Kipimo cha PAED, kilichotolewa mwaka 2004, kina vipengele 5 na jumla ya alama 20. Alama 10 au zaidi huashiria fadhaa.

Kinga huanza mapema. Parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, na ganzi ya jicho hupunguza maumivu. Mtaalamu wa usingizi aweza kuongeza propofoli kidogo mwishoni mwa upasuaji, au deksmedetomidini. Mtoto aangaliwe kwa karibu, kwani dawa hizi huchelewesha kuzinduka na zaweza kupunguza kasi ya pumzi au mapigo ya moyo.

Nawe mzazi, mweleze mwanao ukweli kwa maneno mepesi. Siku chache kabla, mfunike jicho kwa kitambaa safi mkicheza, ili bandeji isiwe ngeni kwake. Fuata masharti ya kufunga kula. Omba kuwa karibu anapozinduka. Mwite jina lake kwa sauti ya chini, umzuie mikono kwa upole, wala usimtikise wala kumkaripia. Akitulia, huenda asikumbuke lolote.