Je, Wekundu Uuonao Wewe Ndio Niuonao Mimi?

Liko jambo moja ambalo watu wawili hawawezi kulimaliza kwa ushahidi, wakeshe wasikeshe. Mmoja akisema leso hii ni nyekundu, na mwenziwe akaitika kuwa naam, ni nyekundu, je, wekundu auonao huyu ndio ule ule auonao yule? Au yumkini kila mmoja ana wekundu wake, na wanaloshirikiana ni jina tu?

Tulivyojifunza rangi sote twajua. Mama humwonyesha mtoto pilipili iliyoiva, akamwambia hii nyekundu. Humwonyesha jani la mwembe, akamwambia hii kijani. Mtoto hulishika jina. Tuseme basi mtoto yule ameumbwa akiliona jani kama vile wengine waionavyo pilipili. Angelijuaje? Na mamake angelijuaje? Jina lingelikuwa lile lile na maisha yangelikwenda, kwani macho hayaazimwi.

Lugha nayo ina lake. Katika Kiswahili chetu, rangi zenye sifa zinazofuata ngeli ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nazo ndizo rangi za kisutu, leso ya maarusi. Nyingi zilizobaki tumezipa majina ya vitu: manjano ni ile bizari ya mchuzini, kijivu kimetoka jivuni, kijani kimetoka katika jani, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, na samawati tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao samaa ni mbingu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kuwa lugha za ulimwengu hufuata utaratibu wa namna hii: kwanza huja majina ya weupe na weusi, kisha wekundu, ndipo mengine yafuate.

Wala hii haina maana kwamba wazee wetu hawakuiona bahari ilivyo. Nahodha wa jahazi aliyatambua maji ya kina na maji ya mwamba kwa rangi yake, awe na jina la rangi hiyo au asiwe nalo. Lakini jina lina msaada wake. Warusi hawana neno moja la buluu. Iliyokoza huiita siniy, na iliyopauka huiita goluboy. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa Mrusi huwahi zaidi kuzitenganisha buluu mbili ikiwa kila moja ina jina lake kuliko zikiwa na jina moja.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Misri katika karne ya 11, aliyatazama haya zamani. Katika Kitab al-Manazir alieleza kuwa mwangaza hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni, na kwamba kuona hakukamiliki mpaka akili itie hukumu yake. Mwaka 2015 ulimwengu ulipata mfano wa maneno hayo. Picha ya nguo moja ilitolewa huko Uingereza. Watu wakaitazama pamoja, hawa wakaapa ni nyeupe na dhahabu, hawa wakaapa ni buluu na nyeusi. Nguo yenyewe ilikuwa buluu na nyeusi. Wataalamu walieleza kuwa kila akili ilikisia kivyake mwangaza uliokuwako pale picha ilipopigwa. Mama zetu hilo walilijua bila ya kufundishwa, ndipo wasikubali kununua leso kwa taa ya dukani mpaka waitoe mlangoni waitazame juani.

Hao wote macho yao yalikuwa sahihi. Wako wengine ambao tofauti yao imo jichoni kwenyewe. Nyuma ya jicho la mwanadamu mna utando, na katika utando huo mna chembechembe za namna tatu zinazopokea rangi. Ikikosekana namna moja, au ikiwa na kasoro, rangi zinazotengana kwa wengine humwingiliana mtu huyo, na aghalabu ni nyekundu na kijani.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa kirefu ni John Dalton, mtaalamu wa kemia wa mji wa Manchester, na mwaka ulikuwa 1794. Aligundua kuwa ua la jerania, ambalo watu waliliita la waridi, yeye mchana aliliona samawati na usiku kwa mshumaa aliliona jekundu. Nduguye naye aliliona vivyo hivyo. Dalton alidhani maji ya jichoni mwake yana buluu, akaagiza kuwa akifa macho yake yapasuliwe. Alipofariki mwaka 1844, daktari alitimiza wasia. Maji yalikuwa safi kama ya mtu yeyote. Masalio ya macho yale yaliwekwa, na mwaka 1995 wataalamu wakayapima upya, wakakuta kilichokosekana ni ile namna ya chembechembe iliyo muhimu kwa kijani.

Kasoro hii hurithiwa, na njia yake kuu ni kwa mama. Mwanamke mwenye macho sahihi kabisa aweza kuibeba bila ya kujua, akampa mwanawe wa kiume. Kwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini hupatikana kwa wanaume kama 8 katika kila 100, na kwa wanawake kama mmoja katika kila 200. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo.

Namjua kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa na hamu ya ubaharia tangu utotoni. Alipokwenda kupimwa, herufi za ubaoni alizisoma zote. Kisha akafunguliwa kile kitabu cha vitone vya rangi alichokitunga Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Wenzake waliona tarakimu. Yeye aliona vitone. Akarudishwa nyumbani, na mamake akalia akisema mwanawe kafanyiwa husuda. Hapo mjombake, mshona kofia, akafungua kinywa: yeye naye ndivyo alivyo, na miaka yote mkewe ndiye humpangia nyuzi kabla hajashika sindano.

Sharti lile la baharini halina uonevu. Meli usiku huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, na kwa taa hizo mwenziwe hujua inaelekea wapi. Maboya ya kuingilia bandari zetu yamewekwa kwa rangi hizo hizo. Asiyezitenganisha aweza kuwagonganisha watu. Lililoniuma mimi ni kwamba kijana yule alifika umri wa miaka 20 pasi na mtu kumwambia. Shuleni alichapwa kwa kupaka majani rangi ya udongo, akaitwa mvivu na mzembe, na mjombake akanyamaza kwa haya.

Swali la wekundu wako na wangu huenda lisipate jawabu mpaka mwisho wa dunia, kwani hakuna aliyewahi kuingia nyuma ya macho ya mwenziwe. Lakini kujua kama mtoto anazitenganisha rangi ni kazi ya dakika chache kwa daktari wa macho. Walimu na wazazi, mtoto akipaka mti rangi ya udongo, mwulizeni kwanza anaona nini. Na enyi wajomba mlio na siri hiyo, wambieni dada zenu mapema, ili vijana wachague kazi wakiwa wanajijua.