Wembe Kwenye Ncha ya Ufa

Pakiti ya karanga ikikugomea, huhangaiki kuivuta. Unaing'ata pembeni, unapata kijipengo, kisha inachanika bila ubishi hadi chini. Plastiki ni ileile na mikono ni ileile, ila sasa pana pa kuanzia.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith wa Farnborough, alilieleza jambo hili kwa kuvunja kioo. Kitu kilichovutwa huhifadhi nishati, kama mpira wa manati. Ufa ukirefuka, nishati hiyo huachiliwa. Ikitosha kulipia nyuso mpya zinazozaliwa, ufa hukimbia wenyewe. Ndiyo maana anayepima uvumilivu wa plastiki huanza kwa kuitia ufa.

Kijiti cha plastiki hukatwa kwa msumeno hadi karibu nusu ya kina chake. Hapo kazi bado. Mkato wa msumeno una ncha butu, nayo ncha butu huipendelea plastiki: mkazo hutawanyika, namba hupanda, mwenye kiwanda hufurahi bure. Basi wembe mpya huburuzwa au kugongwa polepole pale kwenye ncha, mpaka ufa wa kweli uchomoze mbele yake. Kwangu mimi, ufundi wote uko hapo. Yaliyobaki ni ya mashine. Kijiti hulazwa juu ya vishikizo viwili na kukandamizwa katikati, milimita 10 kwa dakika, katika nyuzi joto 23. Nguvu iliyokivunja na urefu wa ufa ndivyo hutoa jibu.

Akriliki, ile ya mabango, hupata takriban 1, kwa kipimo cha megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Polikaboneti hupata 2 hadi 3. Chuma cha kawaida cha ujenzi huvuka 50.

Polithini ya ndoo huvuruga mambo. Ncha ya ufa hunyumbuka badala ya kupasuka, na ili kipimo hiki kiseme kweli ungehitaji kipande chenye unene wa sentimita kadhaa. Ndoo gani hiyo? Kwa plastiki za namna hii hupimwa nishati inayoliwa na kila milimita ya mraba ya ufa.

Fundi anayetoboa kiti cha plastiki kilichopasuka kwa msumari wa moto, kabla ya kukishona kwa waya, anafanya kinyume cha wembe: anaifanya ncha kuwa butu. Tundu likae mwisho kabisa wa ufa. Likikosea pembeni, ufa utaendelea na safari.