Funguo Tatu za Sanduku: Jinsi Vikundi vya Kujisaidia Vinavyowainua Walioachwa Pembeni



Tunapofika kijijini na gari la shirika, swali la kwanza tunaloulizwa ni hili: «Mmetuletea nini?» Hatuwalaumu wanaouliza. Tangu vita vya 1996 watu wa Kivu wamepokea unga, maturubai, sabuni, mbegu na majembe kutoka kwa mashirika mengi. Wamejifunza kwamba gari likifika kuna kitu, na likiondoka kitu hicho kinaisha.

Katika makala haya tunataka kueleza kazi ya namna nyingine, ambayo tumeifuata katika vijiji vya milimani vya wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini: vikundi vya kujisaidia. Hapa shirika haliweki pesa. Linafundisha, linakaa pembeni, kisha linaondoka. Tutaeleza vikundi hivi vinavyofanya kazi, pale sisi wenyewe tulipokosea, na vinavyosaidia amani kati ya majirani.

Nani ameachwa pembeni?

Kila kijiji kina watu ambao hawaitwi kikao kinapoketi. Katika Kalehe, wa kwanza ni Watwa. Babu zao waliishi katika msitu wa Kahuzi-Biega. Msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ukapanuliwa mwaka 1975, na familia zao zikatolewa bila kupewa ardhi nyingine. Leo wengi wao wanajenga vibanda kwenye ardhi ya wengine na kulima mashamba ya wengine kwa malipo ya siku. Mara nyingine malipo hayo ni kikapu cha viazi tu.

Wa pili ni wanawake wa makabila yote, hasa wajane na wale walioachwa na waume zao. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Julai 2022, ikatoka sheria ya kulinda na kukuza haki za wenyeji wa asili, yaani Watwa, Wambuti na ndugu zao. Ni hatua kubwa. Lakini kati ya karatasi iliyotiwa sahihi Kinshasa na kikao chini ya mti kijijini kuna safari ndefu. Kikundi cha kujisaidia ni njia mojawapo ya kuifupisha safari hiyo.

Kikundi kinafanyaje kazi?

Wakongomani wanaijua likelemba: watu wanachanga, na kila mara mmoja wao anachukua mchango wote kwa zamu. Kikundi cha akiba na mkopo kinaendelea mbele zaidi ya hapo. Mtindo huu ulianza mwaka 1991 katika mkoa wa Maradi, nchini Niger, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Huku kwetu watu wanauita AVEC, kwa kifupisho cha Kifaransa. Utaratibu wake ni huu:

1. Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanakubaliana kukutana kila juma, siku na saa ile ile.
2. Wanaandika sheria zao wenyewe na kuchagua viongozi wao wenyewe, kwa kura.
3. Katika kila mkutano mwanachama ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano. Kila hisa ni muhuri mmoja katika kitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu akiba yake.
4. Pesa ya akiba inakopeshwa kwa wanachama, nao wanairudisha na faida kidogo ambayo wamekubaliana.
5. Kuna mfuko wa pembeni, wa mshikamano, kwa ajili ya ugonjwa, msiba au mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo.
6. Baada ya mwaka mmoja hivi, pesa yote inagawanywa, kila mtu kwa kadiri ya hisa zake. Kisha wanaanza upya.

Pesa na vitabu vinakaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mahali pengine isipokuwa mkutanoni, mbele ya macho ya wote. Kabla ya kufunga, mtunza hazina anatangaza kiasi kilichobaki na kila mtu anakiweka kichwani. Mkutano unaofuata unaanza kwa swali: «Tuliacha kiasi gani?»

Mfano wa hesabu

Tuseme kikundi kina watu 20 na hisa moja ni faranga 1.000. Kwa wastani kila mtu ananunua hisa mbili kwa juma. Hiyo ni faranga 40.000 kwa juma, na kwa majuma 50 ni faranga 2.000.000, yaani hisa 2.000. Tuseme faida ya mikopo imeleta faranga 400.000. Siku ya kugawa kuna faranga 2.400.000, na kila hisa imekuwa faranga 1.200. Mama aliyenunua hisa 50 tu anaondoka na faranga 60.000. Si utajiri. Lakini anaweza kununua mbuzi au kulipa karo, na wakati wa mwaka hakulazimika kuuza maharagwe yake yakiwa bado shambani kwa bei ya hasara.

Bei ya hisa inaweza kuwa mlango au ukuta

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mafundisho yanasema wanachama wachaguane wenyewe, kwa sababu hakuna akiba bila kuaminiana. Ni kweli. Lakini watu wakichaguana, mwenye duka anamchagua mwenye ng'ombe, na Mtwa anabaki nje kama zamani. Kikundi kinaweza kuwa sawasawa kwa vitabu vyote na bado kikarudia ubaguzi ule ule wa kijiji.

Tumejifunza kuuliza mapema: mtu maskini kuliko wote hapa anaweza kuweka kiasi gani kila juma, hata juma baya? Kiasi hicho ndicho bei ya hisa. Mwenye zaidi anunue hisa tano, maskini anunue moja. Katika kijiji kimoja majadiliano ya bei yalichukua mikutano mitatu. Walitoka faranga 2.000 wakashuka hadi 500, na siku hiyo ndipo familia za Watwa zilipojiandikisha.

Hatulazimishi watu kuchanganyika. Mahali pengine Watwa walipendelea kuanza peke yao, wapate kuzoea kuhesabu na kusema mbele ya watu bila kuchekwa. Mwaka wa pili baadhi yao wakajiunga na majirani. Njia zote mbili ni nzuri, mradi wenyewe ndio wameamua.

Kosa letu

Tunapenda kusema ukweli. Miaka ya nyuma shirika letu liliahidi kuongeza pesa kwenye sanduku la kikundi kilichokuwa kinaenda vizuri. Habari zikaenea. Kwa majuma machache kikundi cha watu 22 kilikuwa na watu zaidi ya 40, na viongozi wapya walikuwa watu wenye sauti kubwa kijijini. Pesa yetu ilipoingia, mikopo ilitoka kwa haraka na haikurudi. Tulipouliza, mzee mmoja alitujibu kwa upole: «Ile ilikuwa pesa ya mzungu. Nani atamdai nani?» Akina mama walioanza kikundi walipoteza na akiba yao pia.

Neno hilo limetufundisha kuliko semina nyingi. Mtu anachunga jasho lake. Pesa iliyotoka katika mihogo ya jirani yako, unaikopa ukijua utakutana naye kisimani. Vikundi vya MUSO vinalielewa jambo hili: vina masanduku matatu ya rangi tatu, la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa mshikamano, na la bluu kwa pesa ya kutoka nje, isichanganyike na ile ya wanachama. Sisi tumeamua kwenda na mafunzo, kitabu na muhuri tu.

Kikundi na amani

Msomaji atauliza: haya yote yanahusu nini amani? Nitasimulia jambo moja dogo. Katika kikundi kimoja walimchagua mama Mtwa ashike mojawapo ya funguo. Juma moja mvua ilinyesha sana, mto ukajaa, na yule mama akachelewa. Watu walikaa zaidi ya saa moja wakimngoja. Papa mmoja, mkulima mwenye heshima, akanung'unika: «Leo sisi wote tunakaa hapa kwa sababu ya Mtwa?» Mwenyekiti, naye mama, akajibu: «Papa, ufunguo ni wake. Tutangoja.» Wakangoja. Alipofika amelowa, walimpa nafasi karibu na moto, na mkutano ukaanza.

Anayejua maisha ya kwetu anaelewa uzito wa saa ile. Katika vijiji vingi Watwa walikatazwa kunywa kwenye kikombe kimoja na majirani zao. Hakuna semina ya amani iliyowahi kumfanya mkulima yule amngoje Mtwa. Ufunguo ulifanya hivyo. Tangu hapo, panapotokea ugomvi wa mbuzi kuingia shambani, wanachama hupenda kuuleta mkutanoni kabla haujafika kwa chifu au kwa wenye silaha.

Vita vikifika

Tusidanganyane: kikundi hakizuii bunduki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vya M23 vilipita Minova na Nyabibwe, ndani ya wilaya hii ya Kalehe. Goma ilichukuliwa mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Benki za miji hiyo zilifunga milango, na hata mwenye akiba kubwa akakosa pesa ya chumvi. Vijijini, watu walikimbia na kutawanyika.

Vikundi tunavyovijua vimejiwekea kinga tatu. Ya kwanza, pesa isilale sandukuni: ikizunguka katika mikopo midogo, mwizi atakuta sanduku karibu tupu. Ya pili, hatari ikikaribia, wagawane mapema bila kungoja mwisho wa mwaka. Ya tatu, kila mtu akariri hesabu zake. Kikundi kimoja kilipoteza sanduku na vitabu vyote. Waliporudi, walikaa wakataja akiba na madeni mmoja mmoja, wengine wakithibitisha. Waliobishana walikuwa wawili tu, nao wakapatanishwa siku ile ile.

Kwa wanaotaka kuanza

Ndugu msomaji, kama unafikiri kuanzisha kikundi kijijini kwako, usingoje mfadhili. Tafuta watu unaowaamini, kisha jiulize ni nani hayupo, na kwa nini. Pangeni hisa kwa kipimo cha maskini. Andikeni sheria chache ambazo kila mtu anaweza kuzikumbuka. Na siku ya kugawa funguo, mmoja mpeni mtu ambaye kijiji hakijawahi kumpa kitu cha kutunza.

Haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi tunapofika katika vijiji vile, wengi hawaulizi tena tumeleta nini. Wanatuambia: «Karibuni, kaeni nyuma, mkutano umekwisha anza.»