Bei ya Mbolea na Logi Inayofurika

Mwaka 2023 nchini Kenya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulishuka kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Mkulima wa Kabazi, kule Subukia, hupata vocha yake kwa simu kwa sababu jina lake limo katika sajili ya serikali, KIAMIS, pamoja na wakulima wengine zaidi ya milioni 6.

Sasa chukua jedwali lolote la ukubwa huo, kila mkulima na mstari wake, bei ikiwa imeandikwa kwenye kila mstari. Fundi anatoa amri ya UPDATE, bei iwe 2,500. Mistari yote inaguswa, hata ambayo tayari inasoma 2,500.

Hifadhidata haibadilishi kitu kwenye faili zake za data kabla ya kukiandika kwenye logi, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, ili umeme ukikatika (na umeme wa mashinani tunaujua) iweze kujirekebisha. C. Mohan na wenzake wa IBM walifafanua mwaka 1992 njia ya kujirekebisha hivyo, iitwayo ARIES. Hifadhidata ya PostgreSQL huenda mbali zaidi: huandika nakala mpya ya mstari mzima hata thamani isipobadilika. Logi ikijaza diski, seva husimama.

Wengi hutafuta namna ya kuizima logi hiyo. Iliyo salama hawaipati. Hifadhidata ya SQL Server hupunguza logi wakati wa kuingiza data kwa wingi, lakini UPDATE ya kawaida hurekodiwa yote, utake usitake.

Kinachosaidia ni kugawa kazi kwa mafungu, tuseme mistari 10,000, kila fungu na COMMIT yake, yaani amri ya kuyathibitisha mabadiliko. Mafungu hayapunguzi jumla ya maandishi. Yanaipa logi nafasi ya kutumika upya. Kazi ikikatika katikati, sharti hili huzuia kurudia yaliyokwisha:

WHERE bei IS DISTINCT FROM 2500

Alama ya <> ingeiruka mistari isiyo na bei kabisa. Sharti hili haliiruki. Wenye PostgreSQL wana pia suppress_redundant_updates_trigger, inayozuia mabadiliko yasiyobadilisha kitu, ingawa nayo hula muda kidogo kwa kila mstari.

Hata hivyo, kwa bei ya mbolea, njia hizi zote ni dawa za maumivu tu. Bei moja ya nchi nzima haina kazi kwenye mistari milioni 6. Iwekwe katika jedwali la bei. Ikishuka tena, utabadilishwa mstari mmoja tu.