Dhana ya "Jeni ya Sifa" katika Uboreshaji wa Mpunga: Ufafanuzi wa Istilahi

Maandishi ya Kiswahili kuhusu uboreshaji wa mpunga hutumia vifungu kama "jeni ya ufupi", "jeni ya harufu" na "jeni ya ustahimilivu wa mafuriko" kana kwamba vinalingana. Makala haya yanaonesha kwamba a-unganifu katika vifungu hivyo huficha mahusiano mawili tofauti kati ya jeni na sifa, na kwamba tofauti hiyo ina uzito katika sera.

Uhusiano wa kwanza ni wa upungufu. Aina ya IR8, iliyotolewa mwaka 1966 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga nchini Ufilipino, ilitokana na kuchanganya Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan. Shina lake fupi lilihimili masuke mazito bila kulala, hata mbolea ilipoongezwa. Mwaka 2002 ilibainika kwamba sd1, inayoitwa "jeni ya ufupi", ni jeni yenye hitilafu. Jeni hiyo ikiwa timilifu huelekeza uundaji wa kimeng'enya kinachochangia kutengeneza jiberelini, homoni ya kurefusha shina. Vivyo hivyo, harufu ya Basmati hutokana na hitilafu katika jeni ya badh2: kimeng'enya chake kikikosekana, kemikali inayonukia hujilimbikiza. Kwa hiyo, jeni timilifu ndiyo inayoizuia harufu.

Uhusiano wa pili ni wa utendaji. Mpunga uliofunikwa na maji kwa kawaida hurefuka upesi kutafuta hewa, ukamaliza akiba yake ya wanga na kufa. Sub1A, iliyotambuliwa mwaka 2006 kutoka FR13A, mpunga wa asili wa India, huzuia urefukaji huo. Mmea hutunza akiba yake na unaweza kuchipua upya hata baada ya kuzama kwa takriban wiki mbili. Hapa jeni sharti iwepo na ifanye kazi. Iliingizwa katika aina ya Swarna kwa kuchanganya mimea mara kwa mara na kuteua mizao kwa alama za vinasaba, bila uhandisi jeni.

Athari zake kisera ziko wazi. Kanuni inayouliza tu "ni jeni gani imeongezwa?" itaigusa Sub1A, ingawa imepatikana kwa uzalishaji wa kawaida, lakini haitaugusa mpunga ambao badh2 yake imezimwa maabara kwa uhariri wa jeni, kwani hapo huenda hakuna kilichoongezwa. Nchi jirani zinazotunga kanuni za mbegu kwa Kiswahili zinahitaji istilahi zinazotenganisha mambo matatu: jeni yenyewe, hali yake na njia iliyotumika kuipata.

Inapendekezwa, basi, kwamba "jeni ya harufu" iandikwe "badh2 isiyofanya kazi", na "jeni ya ufupi" iandikwe "sd1 yenye hitilafu". "Jeni ya ustahimilivu wa mafuriko" inaweza kubaki, kwa kuwa jina hilo linaeleza kazi ya jeni yenyewe.