Hesabu ya Wamaya ilivyozua utata wa umri wa mfalme

Na Mwandishi Wetu

MAANDISHI ya mawe ya Palenque, mji wa kale wa Wamaya uliopo Jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko, yanaonyesha kuwa Mfalme Pakal alifariki dunia mwaka 683 akiwa na umri wa miaka 80.

Hata hivyo, baada ya mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier kugundua kaburi lake mwaka 1952, wataalamu waliochunguza mifupa walikadiria kuwa ni ya mtu wa miaka 40 hadi 50. Ndipo ulipozuka mvutano: kipi kiaminiwe, mifupa au tarakimu?

Katika hesabu ya kawaida, kila nafasi ina thamani mara 10 ya ile iliyo kulia kwake. Wamaya walitumia 20, isipokuwa katika nafasi moja.

Siku 20 ni winal moja, lakini winal 18 tu ndizo hufanya tun moja, yaani siku 360, kiasi kinachokaribia mwaka wa jua. Kisha 20 hurejea: tun 20 ni katun moja (siku 7,200) na katun 20 ni baktun moja (siku 144,000).

Kwa mfumo huo, Pakal alizaliwa siku ya 9.8.9.13.0. Ili kuibadilisha, kila tarakimu huzidishwa kwa thamani ya nafasi yake: 1,296,000 + 57,600 + 3,240 + 260 + 0, jumla siku 1,357,100 tangu mwanzo wa hesabu.

Alifariki siku ya 9.12.11.5.18, sawa na siku 1,386,478. Tofauti ni siku 29,378, zaidi kidogo ya miaka 80.

Kuzirejesha siku hizo katika mfumo wa Wamaya, hugawanywa kwa kuanzia thamani kubwa. Kwa 7,200 hupatikana 4, baki 578. Kwa 360 hupatikana 1, baki 218. Kwa 20 hupatikana 10, baki 18. Jibu ni 4.1.10.18.

Anayetoa bila kubadilisha hana budi kuwa mwangalifu. Winal 5 haziwezi kutolewa 13, hivyo hukopwa tun moja, nayo huleta winal 18, si 20. Anayekopa 20 humwongezea mfalme siku 40 ambazo hakuishi.

Lakini kosa la siku 40 haliwezi kueleza pengo la miaka 30 au zaidi. Utafiti ulioongozwa na Vera Tiesler na Andrea Cucina, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa mifupa hiyo ni ya mzee. Tarakimu zikawa zimeshinda.

Baktun ya 13 ilitimia Desemba 21, 2012, tarehe ambayo baadhi ya watu waliihofia kuwa mwisho wa dunia. Kesho yake ilikuwa 13.0.0.0.1, na maandishi ya hekalu lenye kaburi la Pakal yanataja tarehe iliyo katika mwaka 4772.